Nguzo Inayonenepa: Hesabu za Fremu ya Chuma ya Ghala

Wiki hii nimekuwa nikipitia hesabu za fremu ya ghala linalokusudiwa kujengwa nje kidogo ya Malindi, na kuna jambo ambalo huharibu hesabu za namna hii kabla hata mzigo haujawekwa, nalo ni umbo la nguzo. Nguzo ya fremu hiyo ni nyembamba chini, ambako imeshikana na msingi kwa bawaba, nayo hunenepa kadiri inavyopanda kukutana na boriti ya paa, kwa sababu momenti ya kupinda, yaani nguvu ya mzigo ya kuikunja nguzo, ni sifuri chini na hufikia kilele chake kwenye kiungo cha juu.

Chukua nguzo yenye flanji (mabamba mawili ya pembeni, la nje na la ndani) za mm 200 kwa mm 12 na bamba la kati linaloziunganisha, la unene wa mm 8, kina chake kikiwa mm 300 chini na mm 900 juu. Kina kimeongezeka mara 3, lakini ukakamavu wa kupinda umeongezeka zaidi ya mara 12. Anayetumia kipimo kimoja cha wastani kwa nguzo nzima hupata mgawanyo wa momenti usio wa kweli. Mimi huigawa vipande 8 au 10, kila kimoja na kina chake. Tena, kwa kuwa uso wa nje umesimama wima na wa ndani ndio ulioinama, mstari wa kati wa nguzo hausimami wima, bali husogea ndani mm 300 kutoka chini hadi juu, na ni lazima uchorwe hivyo.

Kule juu, uwiano wa kimo cha bamba kwa unene wake unakaribia 110. Kwa chuma chenye nguvu ya megapaskali 355, Eurocode 3, yaani kanuni za Ulaya za miundo ya chuma, huweka mpaka wa takriban 100 katika kupinda. Ukivukwa, bamba hujikunja kabla chuma hakijafikia nguvu yake, na halihesabiwi lote.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni flanji ya ndani. Uzito wa paa huibana karibu na kiungo, na mabati yapo upande wa pili, hayaishiki isipinde kando. Upepo wa kusi ukilinyanyua paa, ambalo kwa wepesi wake haliwezi kuupinga, mbano huhamia flanji ya chini katikati ya boriti, mahali ambapo mchoro niliopewa haukuwa na kishikizo hata kimoja. Nimeomba vishikizo vya mshazari viwekwe sehemu zote mbili, na matundu yake yatobolewe karakanani kabla ya rangi, kwa maana tundu linalotobolewa baada ya fremu kusimama huacha chuma wazi kwa chumvi ya bahari.