Maji ya Kayabwe na mzunguko wa dunia

Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, ikweta inakata njia. Hapo wageni huonyeshwa makarai yenye tundu: hatua chache kaskazini maji yanazunguka upande mmoja, kusini upande wa pili, na juu ya mstari yanashuka bila kuzunguka. Wengi huamini ni mzunguko wa dunia unaofanya hivyo.

Imani hiyo haikutoka hewani. Mzunguko wa dunia kweli hufanya tufani za kaskazini zizunguke kinyume cha mishale ya saa, na za kusini ziifuate. Ila athari hiyo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, hadi kuisha. Ndiyo maana tufani ni nadra mno huku kwetu. Hatua kumi kutoka mstarini hazibadilishi kitu. Tena karai ni dogo: mwaka 1962 huko Marekani, ili athari hiyo ionekane kwenye chombo cha upana wa karibu mita 2, maji yalitulizwa kwanza kwa saa 24.

Kinachoyazungusha ya Kayabwe ni namna yanavyomiminwa. Ukipita, omba kwa adabu umimine mwenyewe (maonyesho yanapendeza, na watu wanatafuta riziki). Simama upande uleule wa ikweta, mimina ukielekeza maji kulia, kisha rudia kushoto, na kila mara uweke jani juu ya maji uone linazunguka upande gani. Nyumbani, sinki lenye kizibo linatosha: koroga kidogo upande uutakao, zibua, na maji yataendelea ulikoyaanzishia.