Wali unanenepesha? Tuanze kwa kuuweka kwenye mizani

Hili swali naulizwa karibu kila siku, na anayeuliza mara nyingi huwa keshaacha wali zamani, anachotaka ni nimwambie amefanya la maana. Mimi ni mtaalamu wa lishe, kazi yangu ni kukaa na watu wanaotaka kupungua uzito, na nikisema wali wenyewe haunenepeshi naona kabisa uso unabadilika, maana mtu kajinyima miezi na miezi. Nawaelewa sana. Ila naomba unisikilize kwanza.

Mafuta mwilini yanaongezeka pale nishati inayoingia ikizidi inayotumika, siku baada ya siku, kwa muda mrefu. Basi. Mwili hauna kinyongo na chakula kimoja. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9, na wali mweupe uliopikwa kwa maji matupu una kalori kama 130 kwa kila gramu 100, kwa sababu karibu theluthi mbili ya huo wali ni maji.

Hapo kwenye maji ndo watu wanapotea, wakati Kiswahili kilishatutengea mambo vizuri tu: mpunga, mchele, wali. Mchele mkavu gramu 100 una kalori kama 360, ukishaiva unakuwa wali wenye uzito wa karibu mara tatu. Sasa mtu anafungua programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, anapima wali wake alafu anachagua mchele, namba inamtisha anaacha kabisa. Mwingine anafanya kinyume, anapima mchele mkavu anaandika wali, kwa hiyo anakula karibu mara tatu ya anachodhani anakula na haelewi kwa nini uzito hausogei.

Kuna mama mmoja alikuja kwangu akaniambia, "Mwanangu, mimi wali nakula kidogo sana, kama vijiko vinne tu." Nikamwomba, mama, kesho njoo na sahani yako ya nyumbani na wali wenyewe, upakue kama unavyopakua siku zote. Akaja navyo. Akapakua, tukaweka kwenye mizani ndogo ya jikoni, tukatoa uzito wa sahani, ikasoma gramu 430. Hizo ni kama kalori 560. Nikamuuliza mafuta unaweka kiasi gani kwenye sufuria, akasema namimina tu kidogo kukaangia kitunguu. Nikampa chupa na bakuli tupu amimine kama anavyomimina jikoni kwake, tukapima, vijiko vikubwa 5! Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, kwa hiyo sufuria nzima imeongezewa 600, wakila watu wanne kila mmoja kabeba 150 ambazo hazionekani kabisa kwa macho. Yani sahani ya "kidogo" ilikuwa imepita kalori 700 kabla hajagusa mboga wala kinywaji. Na hakuwa anadanganya, nasisitiza hilo, kwa sababu wali kwenye sahani pana unatandaa, haufanyi kilima, jicho linaona kidogo.

Na hapa nikubali lawama ambayo wali unastahili. Ni laini, hautafunwi sana, unashuka haraka. Protini yake ni ndogo, haifiki gramu 3 kwenye gramu 100, na nyuzinyuzi za wali mweupe hazifiki hata nusu gramu. Vitu vinavyotushibisha na kukaa tumboni ndo hivyo hivyo ambavyo wali unavyo kidogo, kwa hiyo ukiula peke yake, au na mchuzi mwepesi tu, utaongeza sahani kabla tumbo halijakupa taarifa. Ukiula na maharage au samaki na mboga za majani nyingi habari inakuwa nyingine kabisa.

Sasa lile ninaloambiwa kila mara: "Mbona nilipoacha wali nilipungua kilo 2 kwa wiki moja?" Ulipungua kweli, mizani haikukosea. Ila hebu tuangalie ulichopunguza. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima ni kama nusu kilo hivi, na kila gramu ya glaikojeni inakaa na maji kama gramu 3. Ukikata wanga ghafla akiba inatumika, maji yake yanatoka kwenye mkojo, mizani inashuka. Siku ukirudi kula wali maji yanarudi, unasema si unaona, wali umeninenepesha! Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo kupunguza kilo 2 za mafuta halisi ndani ya siku 7 ungepaswa kupungukiwa kalori 2,200 kila siku, na watu wengi chakula chao chote cha siku ndo hicho.

Kuna historia ambayo watu hawaijui. Mwaka 1939 daktari Walter Kempner wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani alianza kuwatibu wagonjwa wa presha na figo kwa chakula ambacho sehemu kubwa kilikuwa wali, matunda na sukari. Baadaye walikwenda kwake hata watu wanene sana, na wakapungua mno. Sishauri mtu ajaribu, ilikuwa chini ya uangalizi mkali wa madaktari na protini ilikuwa ndogo kupita kiasi, ila inaonyesha wali peke yake hauna nguvu ya kumnenepesha mtu anayekula kalori chache. Na utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko huko Marekani, uliotoka 2018, watu 609 kwa miezi 12, waliopunguza mafuta kwenye chakula walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana.

Mchele wa kahawia nao una kalori karibu sawa na mweupe, faida yake ni nyuzinyuzi na madini, kwa hiyo usijaze sahani kwa kuwa ni wa kahawia. Kuhusu kula wali usiku, ni jumla ya siku nzima inayohesabika. Mwenye kisukari yeye ana hesabu yake tofauti, wali mweupe unapandisha sukari haraka, huyo akae na daktari wake wapange kiasi. Na wale wanaoacha wali upoe ili wanga wake ugome kumeng'enywa, ni kweli sehemu kidogo inabadilika, ila faida ni ndogo na tafadhali uweke kwenye friji mapema, usiuache mezani kutwa nzima, kuna bakteria wanaovumilia kupikwa na sumu yao haiondoki hata ukipasha moto tena.

Yule mama wali hakuacha. Tulitafuta kikombe chake cha nyumbani kinachobeba wali kama gramu 180, akawa anapakulia hicho, mafuta vijiko 2 kwa sufuria, na mboga anaweka kwenye sahani kwanza kabla ya wali ili nafasi ibaki ndogo. Wiki ya tatu akanipigia simu kuniuliza kama kikombe kinajazwa kwa kushindilia au bila kushindilia. Nikamwambia mama, bila kushindilia.