Je, wajua virusi vya chikungunya huingiaje ndani ya seli?

Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanzania ya leo: joto kali, na maungo kuuma hata mtu ashindwe kufunga vifungo vya shati lake. Mwaka uliofuata virusi vikapatikana katika damu ya mgonjwa. Ndiyo chikungunya, inayoenezwa na mbu Aedes, ambao huzaliana hata kwenye mapipa ya maji ya akiba. Kipokezi chake kikuu kwenye seli kilitambuliwa mwaka 2018.

Wengi hudhani virusi vikishaingia kwenye damu hutoboa seli yoyote vinayoikuta. Sivyo. Havina nguvu ya kutoboa, wala havijiendei vitakako. Husukumwa na damu mpaka vikutane na protini fulani kwenye utando wa nje wa seli, vikanasa hapo; kisha seli yenyewe ndiyo huvivuta ndani. Visiponasa, hupita. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini viungo vinaumia, anza na kuuliza seli zipi zina protini hiyo.

Timu ya mtafiti wa virusi Michael Diamond, Washington University, Marekani, iliisaka hivi. Chukua mfano wa mtaa mzima, kila nyumba iondolee kitu kimoja: hii ngazi, ile benchi la barazani, nyingine taa. Mwizi apite usiku. Asubuhi waendee wasioibiwa uone wamekosa nini. Wao walitumia seli za panya, wakazima jeni moja moja kwa CRISPR, mbinu ya kukata jeni, wakamwaga virusi. Seli zilizosalimika nyingi zilikosa jeni moja: Mxra8, yenye maelekezo ya kutengeneza protini ya jina hilo hilo kwenye utando wa seli.

Hapo bado si ushahidi kamili, maana huenda benchi lilimfaa mwizi akiwa ameshaingia. Wakairudisha jeni, seli zikaambukizwa tena. Wakachanganya virusi na protini hiyo ikiwa huru, maambukizi yakapungua. Mxra8 ipo kwenye seli za gegedu, misuli na mifupa, ambako imeonekana kushiriki katika kushikamanisha seli na kupeleka ishara. Hata hivyo, panya wasio nayo bado waliambukizwa, ingawa kidogo, kwa hiyo yaelekea ipo njia nyingine.

La ajabu ni ng'ombe. Mxra8 yake ina kipande kidogo cha ziada kinachozuia virusi kunasa. Watafiti walipokiondoa kipande hicho, vikanasa.