Vita vya Angani Havina Mngurumo

Juzi kwenye kibanda umiza kimoja cha Kirumba, Mwanza, tulitazama sehemu ya zamani ya tamthilia ya Star Trek, iitwayo "Balance of Terror", iliyorushwa Marekani mara ya kwanza tarehe 15 Desemba 1966. Chombo cha anga Enterprise kinawasaka Waromulani, maadui wenye meli isiyoonekana, ambao wamebomoa vituo vya mpakani. Ubishi ulitufuata mpaka mwaloni, na mengi yaliyosemwa kwa uhakika hayakuwa kweli.

Kubwa lilikuwa ule ukimya. Pande zote mbili zinazima mitambo, mabaharia wananong'ona. Vijana wakasema ndivyo ilivyo, ukipiga kelele angani adui atakusikia. Mtu wa ziwani huamini jambo hilo haraka, na naelewa kwa nini. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa zao kule mbali, ukikaa juu ya jiwe ufukweni unamsikia mtu akikohoa ndani ya mtumbwi usiouona. Hewa iliyolalia maji imepoa, ya juu yake bado ina joto, basi sauti hupinda na kurudi chini badala ya kupotelea juu.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia mvuvi mmoja mstaafu aliyekuwa akitusikiliza.

"Marahaba mwanangu. Sasa hayo mabomu mliyoyasikia, mlio wake ulipita wapi? Si mnasema huko hakuna hewa?"

Mzee alikuwa sahihi kabisa. Sauti ni mtikisiko wa kitu: hewa, maji, chuma. Angani hakuna cha kutikisa. Piga ngoma ndani ya chombo chako usiku kucha, jirani aliye mita kumi nje hatasikia. Redio ndiyo ingekufichua, kwa kuwa mawimbi yake hayahitaji hewa.

Minong'ono ilitoka wapi, basi? Kwenye vita vya nyambizi. Mwandishi Paul Schneider aliijenga hadithi kwa mfano wa meli ya juu ya maji inayowinda nyambizi, na majini sauti ni msaliti mkubwa: husafiri takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Kujificha nako si rahisi kama tulivyoonyeshwa. Chombo chenye watu na injini kina joto, na anga iliyokizunguka ina baridi ya karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Darubini ya joto ingekiona kama sisi tunavyoiona karabai gizani. Na ile miale ya rangi ya silaha zao? Ukiwa pembeni usingeiona, maana hakuna vumbi la kuakisi mwanga wake.

Lililoniuma zaidi ni kusikia kwamba Uhura, afisa wa mawasiliano wa Enterprise, ni "yule dada wa kupokea simu tu". Jina lake limetokana na neno letu, uhuru, na tamthilia ilirushwa miaka mitano tu baada ya Tanganyika kupata wake. Katika sehemu hii hii, nahodha Kirk anamwamuru ashike usukani wa kuongoza njia, vita vikiwa vimepamba moto. Nichelle Nichols, anayemwigiza, anakaa pale bila papara. Mtazameni tena, tafadhali.

Halafu Spock, afisa mwingine wa Enterprise. Kibanda kizima kilipiga kelele: msaliti! Masikio yake yanafanana na ya Waromulani, na mkono wake ndio uliogusa kitufe kilichoifichua Enterprise kwa adui. Afisa Stiles, ambaye wazee wake waliuawa na Waromulani katika vita vya zamani, anamshuku hivyo hivyo. Lakini kile kitufe kilikuwa bahati mbaya. Gesi inapovuja kwenye chumba cha silaha, Spock ndiye anayeingia na kumtoa Stiles akiwa hai.

Mwenzake Stiles, Tomlinson, anabaki humo. Ndiye pekee wa Enterprise aliyekufa, na ndiye aliyekuwa akifunga ndoa na Angela Martine sehemu ilipoanza, kabla king'ora hakijaikatiza. Wengi husema hii ni hadithi ya ushindi. Mwishoni Angela amesimama peke yake palepale palipoandaliwa harusi, Kirk anakuja kumpa pole, na pale kibandani hakuna aliyeshangilia.