Je, wajua kwa nini ni vigumu kumnyamazia mtu usiyemjua kwenye daladala?

Jijini Dar es Salaam, gari la Gongo la Mboto limekwama kwenye foleni ya Tazara. Dada aliyekaa dirishani ametoka kazini, amechoka. Jirani yake wa siti anamsalimia, "Habari za kazi, dada?" Anajibu, "Nzuri." Anaulizwa anakaa wapi, ameolewa au bado. Gari halijasogea, swali kubwa linafika: "Hivi nyie mnaodai haki sawa, mbona bado mnataka tuwapishe siti?" Abiria wa nyuma wanatega masikio, konda anachochea, na dada ambaye hakuomba mjadala anatakiwa awatetee wanawake wote kabla ya kufika Banana.

Kwa nini hakukaa kimya tangu mwanzo? Kwa sababu kwetu salamu ni deni. Wanasosholojia wa Marekani, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, walionyesha kwamba kuna kauli zinazokwenda kwa jozi: salamu na kiitikio, swali na jibu. Ya kwanza ikishatamkwa, aliyeambiwa hawezi kunyamaza bila ukimya wake kupewa maana. Mwaka 1973 waliandika pia kuhusu namna mazungumzo yanavyofungwa, wakaeleza kuwa watu huyafunga kwa kusaidiana: mmoja anasema "haya basi", mwenzake anaitikia, ndipo wanaagana. Mmoja akikataa kusaidia kufunga, mwenzake amebaki na mawili tu, aendelee au aonekane hana adabu.

Sasa fikiria salamu za Pwani, zilivyo ndefu. Za nyumbani, za watoto, za tangu asubuhi. Kila moja inadai kiitikio chake, na mwenye nia ya kumng'ang'ania mtu anaingilia hapohapo. Hata hivyo adabu yetu ina ishara ambayo sote tunaielewa, tukitaka. Anayependa kuongea huirudisha salamu: "Nzuri, sijui za kwako?" Aliyejibu "nzuri" peke yake akarudi kwenye simu yake amelipa deni lote. Anayeendelea kumuuliza baada ya hapo ameiona ishara hiyo, ameamua kuipuuza.

Nao ukimya haugharimu sawa. Mwanamume asiyejibu, watu watasema kachoka. Mwanamke asiyejibu ana nyodo, anajisikia, na hapo hakosi mtu wa kuongeza kwamba ndiyo maana hajaolewa. Carol Brooks Gardner, aliyechapisha mwaka 1995 utafiti wake kuhusu bughudha za hadharani nchini Marekani, alieleza jinsi wanawake wanavyochukuliwa kama watu ambao yeyote ana ruhusa ya kuwasemesha, kuwasifia au kuwakosoa. Mtaani unaweza kukaza mwendo. Kwenye siti ya dirishani, jirani akiwa upande wa njia, huna pa kwenda.

Kuna jambo moja hapa linaloniuma kuliko mengine. Wanawake wengi wa jiji hili wamejifunza kwamba "sitaki kuongea" haisaidii, ila "nina mume" inasaidia. Wapo wanaovaa pete ambayo hawakuvishwa na mtu. Neno la mwanamke mwenyewe halikutosha kumfanya jirani anyamaze, lakini kivuli cha mwanamume asiyekuwepo hata ndani ya gari kimetosha. Aliyekuwa anauliza haki sawa ina maana gani angeanzia hapo.

Swali la siti lenyewe lina jibu fupi. Kwenye daladala anapishwa mjamzito, mzee, mgonjwa na aliyebeba mtoto. Mzee wa kiume naye hupishwa. Wanaodai haki sawa wanazungumzia mambo mazito zaidi, kama sheria za ardhi za mwaka 1999 zilizotamka kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Halafu kuna wale wanaosema hayo ni "mambo ya Beijing", yameletwa na wageni. Mkutano ule wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, uliofanyika Beijing mwaka 1995, ulikuwa na Katibu Mkuu Mtanzania, Gertrude Mongella. Na miaka 40 kabla yake, hapahapa Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa tayari anawahamasisha wanawake wajiunge na chama cha TANU kudai uhuru.

Kuzungumza na usiyemjua si kosa. Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 majaribio waliyofanya kwa wasafiri wa Chicago: walioambiwa wajaribu kumfahamu mtu wa karibu waliifurahia safari kuliko watu walivyotabiri. Lakini kufahamiana ni kitu kimoja, na kumweka mtu kizimbani kwa jinsia yake ni kingine. Maneno yakihamia kwenye maumbile ya dada au yanapokuwa ya kumtaka kimapenzi naye hataki, sheria nayo inaweza kuingia: kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilicholetwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinatambua kuwa udhalilishaji wa kijinsia unaweza kufanywa kwa maneno pia.

Polisi hawapo ndani ya daladala, ila abiria wapo. Wakicheka, muulizaji anapata jukwaa. Mama wa siti ya nyuma akisema, "Mwache mwenzio apumzike, kachoka," mambo hubadilika, kwa kuwa sasa mzigo wa kuonekana hana adabu umehama kutoka kwa dada, na mama hadaiwi kiitikio cha salamu yoyote. Mwanamume akilisema hilo kwa mwanamume mwenzake, mara nyingi linasikika haraka zaidi. Haipaswi kuwa hivyo, lakini leo ndivyo ilivyo, na mwenye sauti hiyo aitumie.