Muda unaliwa wapi? Majaribio ya chajio cha siku za kazi

Nimefundisha upishi na lishe kwa vikundi vya akina mama hapa Tanga kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu vitamini wala sukari. Wanachotaka kujua ni hiki: mtu anayetoka kazini saa 11 jioni, akapitia Soko la Mgandini, akafika nyumbani magharibi ikiadhiniwa, apike nini ili watoto wale kabla hawajasinzia? Zamani nilijibu kwa kutaja majina ya vyakula. Siku hizi humrudishia muulizaji swali jingine: katika chakula unachokitaka, ni kitu gani hasa kinachokula muda?

Swali hilo limetokana na majaribio niliyoyafanya jikoni kwangu Ngamiani kwa wiki sita. Kila chakula nilikiwekea masharti mawili, kwamba kisizidi dakika 45 tangu jiko liwashwe, na kisitake zaidi ya sufuria mbili. Nilitazama saa ya ukutani na kuandika katika daftari. Kukata vitunguu, kukaanga nyanya na hata kupika wali havikunichelewesha kama nilivyodhani. Kilichonichelewesha karibu kila usiku kilikuwa kimoja tu, ama nazi haijakunwa, ama choroko hazijarowekwa, ama ukwaju bado mgumu katika bakuli.

Mseto wa choroko ndio ulionionyesha jambo hili waziwazi. Wengi wetu tuliulishwa utotoni, kisha tukauacha tukiuona ni chakula cha mgonjwa au cha siku isiyo na kitoweo, nami sikubaliani na dharau hiyo hata kidogo. Protini ya mchele ina upungufu wa lisini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Choroko zina lisini ya kutosha lakini zimepungukiwa methionini, asidi amino nyingine ambayo mchele unayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Kwa watu watano natumia vikombe viwili vya mchele, kikombe kimoja cha choroko na nazi moja. Choroko zisizorowekwa zilinichukua zaidi ya dakika 40 kuiva, kabla hata mchele haujaingia. Zilizolala katika maji tangu asubuhi ziliiva kwa dakika 20 hivi, kwa kazi isiyozidi dakika moja ya kumimina maji wakati chai inachemka. Nyanya, ndimu au ukwaju visitiwe kabla choroko hazijalainika, kwa sababu uchachu huzifanya zikawie kuiva. Zikishaiva, tia mchele na tui jepesi, na tui zito lingoje mpaka maji yakaribie kukauka.

Hapo kwenye tui ndipo nilipoaibika. Usiku mmoja wa wiki ya pili nilikuwa na mchicha wa nazi jikoni, nikamimina tui zito, nikaacha moto mkali, nikaenda kuswali. Niliporudi tui lilikuwa limekatika: juu mafuta, chini maji yenye chengachenga nyeupe. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliteka upawa mmoja, akauinamisha polepole, akatazama mafuta yakitangulia kuteremka, ndipo akaniuliza, “Mwanangu, ndimu uliitia lini?” Nilikuwa nimeitia mwanzo. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyazuia yasiungane ni protini iliyoyazunguka. Moto mkali huigandisha protini hiyo, na uchachu huharakisha kazi. Matone yakikosa kizuizi hukutana na kupanda juu. Ndiyo maana wakubwa zetu hutusisitizia tukoroge bila kuacha mpaka lipate kuchemka, moto uwe mdogo, na ndimu iwe ya mwisho. Mchicha ule tuliula, kwani tui lililokatika halina madhara, ila ulimi huliona.

Kuhusu nazi yenyewe, Jumapili nakuna nne na kuzigandisha kila moja katika mfuko wake, kisha jioni nazilainisha kwa maji ya uvuguvugu, napitisha kwenye blenda na kuchuja kwa kifumbu. Asiye na friji asikune asubuhi kwa ajili ya usiku, maana kwa joto letu nazi huchachuka kabla hajarudi. Ni heri akunishe sokoni kwa mashine wakati anaporejea, akamue akifika.

Samaki wanadai tahadhari zaidi. Mchuzi wa vibua kwa ukwaju huiva kwa dakika 25 na ni miongoni mwa vyakula nilivyovipenda sana katika majaribio haya. Lakini vibua, kama jodari, wana asidi amino iitwayo histidini kwa wingi katika nyama yao, na wakikaa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Mlaji huwashwa, uso humwiva na kichwa humgonga, naye hudhani ana mzio wa samaki. Kwa hiyo fungu la bei rahisi la saa 12 jioni, lililoshinda juani bila barafu, mimi silinunui hata likiwa la kutupwa. Anayeweza kupita soko la samaki la Deep Sea asubuhi awasafishe vibua, awatie chumvi na kuwakaanga kabla ya kutoka, kisha awahifadhi kwenye friji. Jioni huwa umebaki mchuzi tu. Asiyeweza atumie dagaa wakavu, na awanunue wengi katika siku za giza, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hupoteza nguvu.

Bada kwa kisamvu niliijaribu mara mbili. Ugali wenyewe wa muhogo ni wa dakika chache. Kisamvu ni cha Jumapili, kwa kuwa lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, wala nisingemshauri mtu akikatishe njiani kwa sababu ya njaa.

Jambo moja la mezani lilinisumbua kuliko mapishi. Nyumbani kwetu chai ya rangi hunywewa pamoja na chakula, na chai hiyo hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambayo mwili unayapata kutoka kwenye mchicha na kunde. Nimeisogeza mbele kwa saa moja baada ya kula, na badala yake naweka kipande cha chungwa la Muheza, ambalo vitamini C yake husaidia madini hayo kufyonzwa. Mume wangu bado analalamika.

Wali au mseto ukibaki, usiachwe katika sufuria iliyofunikwa hadi alfajiri. Mbegu za bakteria fulani hustahimili moto wa kupikia, huamka chakula kikipoa polepole, na sumu wanayoiacha haitoki kwa kupasha moto. Mimi huutandaza kwenye sinia upoe haraka, na ndani ya saa mbili uwe umeshaingia kwenye friji.

Samaki wa kupaka nilimjaribu Jumatano tatu mfululizo. Kumbanika kwa mkaa, kulipika tui mpaka liwe zito, kumpaka, kumgeuza na kumpaka tena hakukushuka chini ya saa moja na nusu hata siku moja, na hakuna hatua yoyote kati ya hizo niliyoweza kuihamishia asubuhi bila kumharibu. Nimemrudisha Jumapili.