Sombe ya mama haichukui nafasi ya sindano ya vitamini K

Miaka nenda rudi, kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Bukavu huzunguka ujumbe huu: mama akila sombe na lengalenga vya kutosha, mtoto hahitaji sindano ya vitamini K, ataipata kwenye maziwa.

Unaaminika kwa sababu nusu yake ni kweli. Majani hayo yana vitamini K nyingi, na fungu la lengalenga kutoka soko la Kadutu linamfaa sana mzazi. Ila vitamini hiyo hupita kidogo mno kwenye kondo la nyuma, na lita nzima ya maziwa ya mama huwa na mikrogramu chache tu. Sisi wakubwa tuna bakteria tumboni wanaotengeneza kiasi fulani; utumbo wa mtoto mchanga bado hauna wa kutosha. Bila vitamini K, damu haigandi vizuri. Mtoto anaweza kuvuja damu kitovuni au, vibaya zaidi, ndani ya ubongo, hata akiwa na miezi 2 na alionekana mzima jana yake.

Wengi wasiochomwa hawavuji, ndiyo maana jirani husema, "Wangu hakuchomwa, na yuko salama." Lakini hakuna ajuaye mapema ni mtoto yupi atavuja.

Sindano ni miligramu 1, pajani, mara tu baada ya kuzaliwa. Si chanjo, wala haizuii kunyonyesha. Angalia fishi ya mtoto. Usipoiona imeandikwa, muulize mkunga leo. Na ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiutume kwa mwingine.